Kona ya Spoki

Enzi zetu, na najua mtu wa umri wangu hana haki ya kutamka maneno hayo, mtoto wa kijijini kwetu Kaniha hakununua chambo. Alikitengeneza, kikakatika, akatengeneza kingine. Tuliokua kabla simu hazijaingia kila jikoni tunazikumbuka likizo za mwezi wa sita: mvua imekwisha, lambo la kunyweshea ng'ombe limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kambare wamejificha kwenye nyasi za pembeni. Ndoano ya mnyoo ilinasa nyasi kila ukivuta. Kwa hiyo tulitengeneza kitu tulichokiita kizunguzungu.

Spoki ya baiskeli ilikunjwa katikati kama herufi V. Kwenye kona ulizungusha kitundu cha kufungia mshipi. Mkono wa juu ulibeba kibamba kilichokatwa kwenye mfuniko wa sufuria chakavu, kikagongwa mpaka kikabonyea kama kijiko, pamoja na ushanga mmoja wa kukisaidia kuzunguka. Mkono wa chini ulibeba nati ya kuongeza uzito, kisha ndoano iliyofichwa ndani ya nyuzi za kiroba. Ukivuta, kibamba kinazunguka na kumetameta, kambare anakasirika, anauma. Tulikisugua kwa majivu, na vidole vilinuka majivu na chuma mpaka wakati wa kula.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu spoki za baiskeli ya baba. Naweza kusema bila kujisifu kwamba vizunguzungu vyangu vilikuwa vizuri kuliko vya wote, na bila kujionea huruma kwamba sikuwahi kuamini hivyo. Mkono mmoja ukizidi mwingine kwa upana wa ukucha, sikulala vizuri. Niliinyoosha spoki, nikaikunja upya, nikaitazama, nikainyoosha tena. Mama, akiwa anamenya ndizi, alikuwa akiniambia, "Kitu kikishakaa kiache, mwanangu. Wewe unakipenda mpaka unakiua." Nilidhani ni maneno ya mtu asiyejua uvuvi.

Mshipi ulikuwa mmoja tu, wa binamu yangu Nestori, aliyekuwa mkubwa kwetu na alijua hivyo. Sheria yake haikuwa na rufaa: kizunguzungu chako kikirudi kizima, kesho una zamu, kikikatika, huna zamu mpaka shule ifunguliwe. Mimi nilikuwa msichana pekee kwenye foleni ile. Niliogopa kutolewa humo kuliko nilivyoogopa fimbo ya mwalimu.

Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ni Masanja, jirani yetu, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe kutoka Shinyanga. Kibamba chake kilikuwa kama kimetafunwa na panya, na kitundu chake kilipinda kama sikio la mbuzi. Alikitazama changu siku moja na kuuliza, "Jovina, hicho ni cha kuvulia au cha kuvaa sikioni?"

Asubuhi ya zamu yangu niliona kitundu hakijawa duara kamili. Nikakifungua kwa koleo la baba, nikakifunga upya. Kisha nikarudia.

Kwenye lambo tulimwamkia baba yake Masanja, shikamoo, marahaba, akaendelea kunywesha ng'ombe wake. Nilirusha. Kibamba kilizunguka vizuri ajabu. Kambare akauma, mshipi ukakaza, mara ukarudi mwepesi, na mwishoni mwake kipande cha chuma kifupi kuliko jino. Spoki ilikuwa imekatika pale pale kwenye kona, mahali nilipokuwa nimepanyoosha na kupakunja tangu asubuhi.

Kisha Masanja akasema, "Basi samaki amevaa hereni."

Wavulana walicheka mpaka ng'ombe wakageuka. Nestori akaanza kukunja mshipi. "Zamu imekwisha, Jovina. Mpaka shule."

"Ya kwangu bado," Masanja akamwambia. "Nampa yeye." Akachomoa spoki mpya kwenye kiuno cha kaptula yake, akaniwekea mkononi. "Kunja mara moja. Halafu unipe koleo."

Nilikunja mara moja. Mkono mmoja ulizidi mwingine, na kitundu kilikuwa aibu tupu. Nikataka kurekebisha, lakini koleo lilikuwa tayari kwake, nyuma ya mgongo. Tulihamishia humo kibamba cha Masanja na ndoano yake, nikarusha. Hakikushika kitu. Kilirudi kizima.

Nestori alikikagua kitundu, akakivuta kwa meno. "Kesho," akasema.

Siku hizi vijana wananunua vyambo vya plastiki Biharamulo mjini. Kikikatika wananunua kingine, hata usingizi hawapungukiwi, na kwa hilo nawaonea wivu. Mpwa wangu ametazama kwenye simu mzungu akitengeneza kizunguzungu, akaniuliza, "Shangazi, ulishawahi kuona kitu kama hiki?" Ameitazama video ile mara nyingi. Koleo hajaligusa.

Kile nilichokikunja mara moja kinaning'inia kwenye msumari mlangoni. Kilivua misimu mingi na kitundu chake bado kimepinda. Familia ya Masanja ilihama na ng'ombe wake kutafuta malisho, na sijui ilifikia wapi. Mimi bado natengeneza vichache nikipata nafasi, na vingi vinakatikia kwenye kona. Koleo sasa ni langu mwenyewe, na hakuna anayeniomba nimpe.