Hodi Tatu za Bi Zuhura

Leo nimeaibika, jamani, na nimefurahi.

Nna tovuti ya kufundisha kushona kofia. Wanachama wapya huingia, wiki mbili tu, kimya. Nlishataka kuifunga.

Asubuhi nkampigia mmoja wao, Bi Zuhura wa Mpendae.

"Shikamoo. Mbona umetukimbia?"

"Marahaba. Mie nlipiga hodi mara tatu, mwanangu. Hapana aliyeitika, nkarudi."

Nkafungua ukurasa wa maoni. Kweli! Hodi zake tatu, na za wenzake chungu nzima. Mie nlizipita tu, nkikimbilia kurekodi masomo.

Nimeshinda nikijibu "karibu", mmoja mmoja. Kama nawe nlikuacha mlangoni, sema hapa.

Sasa hivi kaingia mgeni, kapiga hodi. Kabla sijaandika, Bi Zuhura keshamjibu: "Karibu, pita ndani. Leo mwenyeji yupo."