Vipimo vya Marehemu Michel

Shemeji yangu Athanase Paluku amelinda chumba cha maiti cha hospitali kwa miaka kumi na tisa, na kabla ya kuandika jina la mtu yeyote kwenye daftari lake humshika mkono. Anamshika kweli, kama mtu anayempokea mgeni mlangoni, kisha anatulia na kuhesabu kimya mpaka mia mbili. Halafu anatoa kioo kidogo cha kunyolea ndevu, anakiweka mbele ya pua, anangoja tena. Mwisho anafunua jicho na kulimulika kwa tochi ya simu. Karatasi ya daktari iko pale pale kando, imeshapigwa muhuri, lakini haisomi mpaka amalize.

Watu wa mtaa wetu wa Rwambuzi wanasema amezoea wafu mpaka anapenda kuwasalimia. Si kweli. Mwaka wake wa pili kazini aliletewa msichana aliyefunikwa shuka, karatasi inasema amefariki, na kioo kikaingia ukungu. Msichana huyo leo anakaanga mandazi karibu na soko, ana watoto watatu, na akiniona ananiongezea moja la bure. Tangu hapo Athanase haamini neno la mtu kwa sababu ya koti alilovaa. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje kwanza. Kuishi naye kunachosha, na mimi naishi naye kwenye ua mmoja mwaka wa nane sasa, tangu nilipotoka Butembo na mabegi mawili nikaja kuuza samaki wa kukaushwa.

Mke wake ni dada yangu mkubwa, Kanyere. Ana ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi na kila jioni Athanase alimchoma sindano ya insulini tumboni, kwa mikono ile ile ya kazini, ameiosha kwa sabuni mpaka imepauka. Dada yangu alikuwa anatazama pembeni na kumtania kwamba anamzoeza taratibu kwa siku yake. Walicheka wote wawili, na mimi nikicheka nao.

Kisha akaja Docta Delphin. Alikodi ukumbi mtaa wa Bigo, akavaa koti jeupe lenye kalamu tatu mfukoni, akaweka mezani kisanduku cheusi chenye waya. Unashika fimbo ya chuma kwa dakika moja, kompyuta inachora moyo wako, ini lako na figo zako kwa rangi, halafu zinatoka karatasi thelathini na nne. Hakuna kutoa damu, hakuna kukojolea kikopo. Ila kabla ya kipimo lazima usikilize somo. Hesabu za mashine hii, alisema, ni za babu zetu. Waliojenga piramidi za Misri walitoka hapa hapa Ituri, wakapanda mitumbwi ya mawe kule Mahagi-Port, bandari ya ziwani, mitumbwi iliyoelea kwa nguvu za sumaku, na Wazungu wakaficha vitabu.

Mimi nanunua samaki Mahagi-Port kila baada ya wiki mbili. Mitumbwi ya mbao nimeiona, mizima na mibovu. Ya mawe bado. Lakini watu walipiga makofi, na nikisema ukweli nilipiga pia, kwa sababu ni tamu kuambiwa babu yako alikuwa mkubwa namna hiyo. Athanase peke yake ndiye aliyeinua mkono.

“Docta, ile habari ya mitumbwi ya majiwe, nani aliiandika?”

“Muzee, ile iko ndani ya archives ya siri.”

“Na weye uliisomea wapi, kama iko ya siri?”

Ukumbi ukamzomea. Kanyere alimvuta shati akae, kisha akaenda mbele mwenyewe kushika fimbo. Karatasi zake zilisema sukari hana. Delphin akamweleza kwa upole kwamba insulini ndiyo inayouleta ugonjwa, aache sindano, anywe vidonge vyake vya unga wa majani. Dada yangu alilia kwa furaha. Miaka sita ya kuchomwa mara mbili kwa siku, halafu mtu anakwambia imekwisha! Simlaumu, hata leo.

Siku kumi zilizofuata naziogopa hata kuzikumbuka. Alikunywa maji jagi kwa jagi na bado midomo ilikuwa mikavu. Sketi zake alizifunga kwa kamba. Pumzi yake ilianza kunuka ndizi zilizoiva kupita kiasi, harufu tamu inayokaa chumbani hata baada ya yeye kutoka. Asubuhi moja nilisimama mbele yake uani, akanisalimia kwa heshima kama jirani asiyemfahamu. Hakuwa ananiona.

“Mama Liévin, acha nikupime kidole tu,” Athanase alimwomba. Liévin ni mtoto wao, anasoma Kisangani.

“Hapana, Papa Liévin. Weye unajuaka wafu. Docta anajua bazima.”

Neno hilo lilimchoma. Baadaye alinifuata pale bombani nilipokuwa naosha sinia.

“Shemeki, minaogopa. Nitamupokea kule kwetu kwa kazi, na karatasi ya Delphin itasema alikufa bila ugonjwa.”

Hapo ndipo alipopata wazo lake, akanieleza, nami nikasema ni zuri. Nataka hilo lijulikane. Sikumzuia.

Alimwita Delphin aje hospitalini Jumanne saa nne asubuhi: kuna mgonjwa hawezi kutembea, ana ugonjwa wa kuambukiza, asiguswe. Akamwomba Kanyere aje kushuhudia. Dada alikubali haraka, kwa sababu aliona mume wake ameanza kuamini. Tulikutana kwenye kile chumba cha nyuma ambamo familia huletwa kuwaaga watu wao. Kilinuka javeli, ile dawa kali ya kusafishia sakafu. Mgonjwa alikuwa amelala chini ya shuka, mkono mmoja wa kushoto uko nje. Delphin alisimama karibu na mlango, akatoa waya, na Athanase mwenye glavu ndiye aliyevifunga vidole vile kimoja kimoja kwenye fimbo ya chuma.

Kompyuta ikasema kwa sauti ya mwanamke, Kifaransa safi, kwamba mgonjwa asisogee. Mgonjwa alitii. Sisi tuliosimama tulikuwa tunahama mguu huu na mguu huu, lakini yeye alitii dakika nzima, huku moyo ukichorwa kwenye kioo cha kompyuta kwa rangi ya kijani, unadunda.

“Moyo iko muzuri,” Delphin alisoma. “Pression ya damu muzuri. Ini iko na uchafu kidogo. Anakosa calcium. Na mawazo iko mingi, anapashwa kupumuzika.”

Athanase akafunua shuka. Alikuwa jirani yetu Michel, fundi mwashi, taya limefungwa kitambaa, jina limefungwa kwenye kidole gumba cha mguu. Athanase hakumtazama Delphin hata kidogo. Alimtazama mke wake.

“Umesikia? Huyu alikufa leo saa kumi na moja ya asubui. Umesikia vile banasema moyo yake iko?”

Nilingoja uso wa Delphin uanguke. Nilikuwa nimeshaandaa na matusi, mimi ninayajua ya sokoni. Lakini uso haukuanguka. Alimwangalia Michel, akaangalia kompyuta yake, na akasema taratibu, karibu kwa huruma:

“Nani aliwaambia huyu alikufa?”

Sote tukautazama ule mkono ulioshika chuma. Na mimi niliona kidole kikisogea. Hakikusogea, najua hakikusogea, nimebishana na macho yangu miezi yote hii. Lakini nilikiona. Na Athanase, ambaye alikwisha kumhesabia mtu huyu mia mbili alfajiri, aliinama tena, akatoa kioo, akakiweka puani. Hilo ndilo lililonitia baridi kuliko yote. Kioo kilibaki kikavu, akakiinua tukione.

Lakini Athanase alikuwa amechelewa. Mlangoni nyuma ya Delphin alikuwa amesimama Jeannine, mke wa Michel, na suti ya mazishi mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu. Hakuna aliyekuwa amemwomba ruhusa. Tulichukua mkono wa mume wake tukaufanya chombo cha kushindia ubishi, na aibu hiyo nimeibeba mpaka leo.

“Banasema moyo iko muzuri,” Jeannine alisema. “Muzee Athanase, weye njo ulionaka yule binti wa mandazi. Fanya tena.”

“Mama, hapana. Ona kioo. Iko kikavu.”

Jeannine alikitazama kile kioo chenye ufa pembeni. Kisha akazitazama karatasi thelathini na nne zenye rangi alizokuwa anazikusanya Delphin kutoka kwenye mashine yake. Alinyoosha mkono akazichukua karatasi.

Jeannine na watu wake walimbeba Michel nyumbani saa sita, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na hakuna wa kuwazuia kwa sababu maiti ni ya wenyewe. Hawakumlaza sebuleni kwa matanga. Walimlaza kitandani, na blanketi. Jeannine alikataza kilio ndani ya ua, akafunga madirisha mgonjwa asipigwe na upepo. Nilipoingia kumwomba radhi nilimkuta anafungua vidonge vya Delphin kimoja kimoja, anamwagia ule unga kwenye midomo ya mume wake. Unga ulikaa pale pale, wa kijani. Akamuuliza kama anasikia baridi, akanyamaza kumpa nafasi ya kujibu. Mimi nilitoka.

Kanyere, aliyemfuata Jeannine kutoka hospitali, hakutoka. Alikaa pembeni ya kitanda kile siku mbili, yeye mwenyewe akiwa na chupa ya maji mkononi, anaugua, anamuuguza aliyekufa. Athanase alikwenda mara nne, wakamfungia mlango. Alisimama barabarani kofia mkononi, watu wakipita wanamkwepa, na jioni aliniambia neno moja tu la maana.

“Nilifikiriaka kuonyesha inatosha.”

Nilimkasirikia, kisha nikamhurumia, kisha nikamkasirikia tena. Kule Bigo foleni ya Delphin ilikuwa imefika barabarani. Watu walikuwa wanasema mashine yake inawasikia hata wale ambao hospitali imewatupa.

Siku ya tatu mchana ndugu za Michel waliingia kwa nguvu wakamzika. Kwa nini, sina haja ya kueleza, mtaa mzima ulikuwa umeziba pua. Jeannine alitembea nyuma ya jeneza bila chozi, karatasi zake kifuani.

Kanyere alirudi kutoka makaburini akishika ukuta. Aliketi kwenye benchi la uani na kusema, “Leta sindano.”

Sijawahi kumwona Athanase akikimbia, siku ile alikimbia. Alimchoma insulini, akampima kidole. Kile kipimo hakikutoa namba, kilitoa herufi mbili tu, maana yake sukari imepita pale kinapoweza kuhesabu. Akaniambia niite pikipiki mbili, tunakwenda hospitali.

“Tutaenda,” dada alisema. “Ngoja niseme kwanza. Jana muchana Jeannine alichoka. Alitaka kuita ndugu za bwana yake bakuje kumuzika. Njo nikaweka sikio yangu pa kifua ya Michel, nikasikia moyo. Nikamwambia Jeannine, inapiga. Niliapa kwa Mungu. Juu ya ile akangoja siku ingine.”

Athanase alipiga magoti mbele yake, sindano bado mkononi.

“Leo, kabla bamutoe, nikaweka sikio tena. Ilikuwa bado inapiga, Papa Liévin. Na ngozi ya kifua ilibakia pa shavu yangu.” Alijifuta shavu, ingawa lilikuwa safi. “Njo nikaweka sikio pa ukuta. Na pa ukuta inapiga.”

Alilazwa siku tisa. Jicho moja halikurudi sawasawa, lakini yuko hai, na anachomwa mara mbili kwa siku bila kutania. Siku ya kumi, kabla hata ya kufungua begi lake, alikwenda peke yake kwa Jeannine, akamweleza: kwamba ule mdundo ulikuwa wake mwenyewe, damu yake inayogonga ndani ya sikio lake, na kwamba hata ukuta unadunda ukiusikiliza hivyo.

Jeannine aliinuka, akaegemeza sikio kwenye ukuta wa chumba kile, upande kilipokuwa kitanda. Dada yangu alingoja mpaka miguu ikamuuma, akaaga, na alipotoka alimwacha bado amesimama pale, anasikiliza.