Nyaya Alizosuka Dada

Laiti ningekataa kudanganya siku ile. Leo nimechomelea nyaya za spika zangu, na harufu ya lehemu imenirudisha sebuleni kwetu Uru.

Dada alikuwa amezisuka nyaya za stereo kama nywele, spika zikaacha kuunguruma na wimbo ukasikika safi. Tuliposikia baba anatoka migombani, akaninong'oneza, "Sema ni wewe. Wewe ni mvulana; mimi atanichapa kwa kuchezea umeme."

Nikakubali.

Baba alisikiliza wimbo mzima akiwa amesimama. "Kumbe nina fundi, na mimi namtuma majani ya ng'ombe. Utaisomea kazi hii."

Dada alinitazama, akingoja niseme ukweli. Nikasema, "Asante, baba."

Nilisoma. Yeye alibaki kwenye shamba la kahawa. Hadi tunamzika, hakuwahi kukanyaga nyumbani kwangu.