Rimma Aliyewarudishia Mizani Yao

Mimi ndiye ninayenoa vyuma vya viatu vya kutelezea katika ukumbi wa barafu hapa mjini Perm, na nasema bila kumung'unya maneno: Rimma Valeryanovna alionewa. Alianza kuteleza akiwa na miaka minne. Alipofika kumi na sita alikuwa bingwa wa mkoa, kisha mwili ukafanya kile ambacho miili ya wasichana hufanya. Kila asubuhi walipimwa uzito mbele ya wenzao, na siku moja mizani ikaonyesha kilo mbili zaidi. Jina lake likakatwa kwenye timu palepale, angali ameshika viatu mkononi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Miaka kumi na mmoja alizunguka na maonyesho ya barafu, amevaa vazi la sungura, akiruka mbele ya watoto wanaotafuna mbegu za alizeti. Magoti yalipochoka akarudi kwetu kufundisha. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuibeba ile mizani hadi ofisini kwa mkurugenzi, Gleb Ignatyevich, akamwambia aende nayo shambani akapimie kabichi zake.

Mkurugenzi hakusahau. Msimu huu Rimma alipomwandikisha mwanafunzi wake Taisia katika mashindano ya kuchagua timu ya mkoa, bwana yule alimkalia kooni. Taisia ana miaka kumi na tisa, na kwenye barafu msichana wa umri huo huitwa bibi kizee. Akataka apimwe, akizidi kilo hamsini nafasi apewe mtoto wa miaka kumi na minne. Rimma akamwomba amwonyeshe kanuni inayotaja kilo. Haikuwepo. Mkurugenzi akasaini fomu huku amenuna.

"Ataanguka, na aibu itakuwa yako," alisema.

"Akianguka atainuka. Mimi mlininyima hata nafasi ya kuanguka."

Siku ikafika. Sasa, kwetu mtu akikutakia heri husema kinyume, kama wawindaji wa zamani waliotakiana warudi mikono mitupu, na wewe unamjibu kwa kumtuma kwa shetani. Ukisema asante umeharibu. Taisia, kwa malezi yake ya adabu kupita kiasi, alikuwa amesema asante katika mashindano matatu, na matatu yote akaanguka.

Gleb Ignatyevich akaja ukingoni mwa barafu, wazazi wote wanatazama, akavaa tabasamu. "Haya Taisia, usipate manyoya wala unyoya."

Binti akainamisha kichwa. "Asan..."

Rimma akamshika bega. "Mjibu kama watu wanavyojibu."

"Lakini mwalimu, ni mkubwa wangu huyu."

"Basi sema kwa nguvu, wakubwa hawasikii vizuri."

Taisia akainua uso. "Nenda kwa shetani, Gleb Ignatyevich."

Ukumbi mzima ulisikia. Mila ni mila, mkurugenzi ilibidi aitikie kwa kichwa. Mimi nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya mashine yangu, na sioni haya kusema.

Miruko ilikuwa saba. Wa sita alitua vibaya, chuma kikakwaruza, akayumba, lakini hakuanguka. Alikuwa wa pili, na jina lake likaingia kwenye timu. Orodha aliibandika mkurugenzi mwenyewe. Rimma aliisoma mara tatu, akaniomba nimnolee viatu vyake, kisha akaingia kwenye barafu na magoti yake mabovu na kilo zake zote, akaruka mbele ya dirisha la ofisi ya mkurugenzi. Alitua.