Sala Iliyomaliza Betri

Ninaweza kuwachekesha kwa mkasa huu, lakini aibu yake bado ninalala nayo, maana siku ile chuoni, hapa Lubumbashi, niliiharibu mwenyewe kazi niliyoifundisha miaka thelathini: jinsi ya kuilinda kompyuta umeme unapokatika.

Mwanafunzi wangu Odette, mama wa watoto watatu, alikuwa anatetea tasnifu yake ya udaktari. Alikuwa ameunganisha kompyuta nane zinazolindana, moja ikizimika nyingine zinaendelea, na jury, wale watahini wake, walitaka kuziona zikifanya kazi. Baba yake, mzee wa reli, mgonjwa tayari, alitoka Sakania aje amwone akiitwa docteur. Kwetu msimamizi ndiye hufungua kwa sala, na mimi (ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, mnanielewa) nikaamua kuongeza shukrani kidogo.

Katika kushukuru nilikuwa nimefika kwa marehemu baba yangu, mchimbaji wa Kambove, umeme ukakatika. Betri ya akiba ikapokea mzigo wote (jenereta nilikuwa nimeikataa, eti betri yangu inatosha). Inadumu dakika ishirini tu, naijua, niliipima mwenyewe. Basi nikamshukuru Mungu kwa betri, kwa kompyuta yangu ya kwanza, kwa masista walionifundisha kusoma, mmoja mmoja, betri ikaanza kulia pii, pii, nami nikapaza sauti.

"Papa Prof," Odette akaninong'oneza, "betri iko nalia."

Nikamwinulia mkono anyamaze. Ndiyo, nilimnyamazisha.

Niliposema Amina, kompyuta zote nane zilikuwa zimezimika. Mjumbe mmoja wa jury akasema, "Prof, Mungu alishasikia tangu dakika ya kwanza. Ni mashine ndio hazitasikia tena leo." Ukumbi ukaangua kicheko. Umeme haukurudi, jury wakaahirisha kwa miezi miwili.

Mlangoni yule mzee alinishika mkono. "Sala ilikuwa muzuri, Prof. Tutarudia tu."

Hakuwahi kurudi. Odette alipotetea tena, kwenye kiti cha mbele aliweka kofia ya baba yake ya reli. Wakaniomba nifungue. Nikasimama, nikasema, "Bwana, asante. Amina," nikakaa.

Mbele za watu sitaomba tena zaidi ya hapo. Sala ndefu ninaisali nyumbani, na jina la kwanza ninalolitaja ni la mzee yule.