Safari ni Jina la Mtoto: Nambis Hadi Katesh na Kurudi

Wapendwa wenzangu wa kwaya, mnisamehe mwandiko na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, naandika polepole. Lakini mliuliza tulifuata nini Katesh, na kusimulia kwa mdomo naona aibu.

Wimbo wa mama mnaujua: "Safari, uji unapoa, rudi nyumbani." Safari alikuwa mdogo wangu. Mama alimzaa njiani akienda zahanati, akapewa jina hilo. Alipofariki, mama akatunga wimbo. Mwaka huu tukausikia kwenye bodaboda, umeimbwa na kijana wa Katesh kama wake: "Safari njema, abiria, rudi nyumbani." Toka siku hiyo mama hakuimba tena. Tuliposikia maofisa wanakuja Katesh kuchukua maoni juu ya sheria mpya, kali zaidi, ya kulinda kazi za watunzi, akasema twende.

Nambis tulitoka na ukungu. Mbulu mjini tukapanda basi, tukapita Dongobesh, na tulipoteremka mlima wa Dareda masikio yakaziba.

Mogitu tulifika jioni, tukalala kwa shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona mmekonda? Huko Mbulu mnakula mawe?" Alipoelezwa habari akasema, "Afungwe huyo."

Mama alikunywa chai tu.

Katesh, asubuhi, mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu. Mkutanoni ofisa, mwanamke mwenyeji wa Tanga, alieleza kwamba sheria ikipita, anayeuza wimbo wa mtu bila ruhusa atashtakiwa haraka. Yule kijana wa wimbo alikuwepo, watu walituonyesha; ana kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu. Mama alimnyooshea kidole, kisha akaimba wimbo wote. Niliangalia chini.

Kijana alisimama. "Shikamoo mama. Nilijua ni safari ya barabarani."

"Marahaba. Ni mwanangu. Yuko kaburini Nambis."

Akakaa chini, akavua kofia.

"Mama, unataka sheria imfanye nini?" ofisa akauliza.

"Andikeni hivi: kabla hujauza wimbo, kamuulize mwenye wimbo, huyo anayeitwa humo ni nani."

Ofisa aliandika. Kijana alitupeleka kibandani, akaufuta wimbo mbele yetu. "Ila simu za watu siwezi kuzifuta, mama."

"Basi imba upya. Useme ni wa mama Safari."

Njiani kurudi, dereva akauweka ule wimbo wa kijana, wa abiria. Mama alimgusa kondakta begani. "Mwanangu, hapo hawasemi abiria." Akaimba inavyotakiwa. Dereva akazima redio, na tulipanda Dareda tukimsikiliza mama.

Nilijifunza kwamba sheria inaweza kumzuia muuzaji, lakini jina linarudishwa na watu. Kwa hiyo nawaomba mniandikie, hata mistari miwili. Mkiusikia wimbo huo mahali popote, niambieni wanaimba abiria au wanamwita Safari. Majibu nitamsomea mama.