Jina la Wakesho kwenye page ya kwanza

Wakuu, poleni na majukumu.

Nimeona vijana humu mkilia ati ex ame-like picha ya bibi yako. Ketini niwaambie wivu wenyewe. Ni ukweli mtupu, na shahidi yuko jikoni anachambua maharagwe.

Miaka ya themanini nilikuwa fundi wa pampu kwenye kituo kimoja cha kusukuma maji, nje kidogo ya Voi. Mimi ni Mtaveta wa Njukini. Kazi yangu ilikuwa grisi, bearing na jua la Voi, na hilo jua mnalijua.

Stoo yetu ilikuwa na karani, Wakesho, Mdawida wa kule milimani. Nilikuwa namtaka. Nilienda kuchukua glavu nisizozihitaji mpaka msimamizi akaniuliza kama nazila.

Basi ikaletwa kompyuta. Nyaya zikavutwa kutoka kila pampu mpaka control room, na badala ya kuzunguka tukisoma geji moja moja, presha na joto la mashine vikawa vinaonekana kwa skrini, maandishi ya kijani.

Lakini haikujipanga yenyewe. Lazima mtu aketi apange page: geji gani ikae mstari gani, na kila page ipewe kichwa cha herufi zisizozidi nane.

Injinia mzungu akamchagua Mwakio, mwenzangu wa shift. Kisa? Alijua kutaip na vidole vyote.

Roho iliniuma, sitawadanganya. Yule jamaa akawa anakaa kwa AC, shati jeupe. Tena yeye na Wakesho wote ni Wadawida, wakianza Kidawida chao mimi nabaki kutabasamu kama mtu aliyeelewa.

Siku ya kuonyeshwa tukaitwa wote. Kulikuwa na page ya PAMPU 1, ya PAMPU 2, ya TANGI. Lakini page ya kwanza, ile ya kituo kizima, ile inayokaa kwa skrini mchana kutwa, kichwa chake kilikuwa WAKESHO.

Injinia akauliza hiyo ni nini. Mwakio, macho makavu, akamwambia ni Kidawida, maana yake "vyote kwa pamoja". Mzungu akafurahi sana.

Wanasema mapenzi ni kikohozi. Siku hiyo waliokohoa ni Wadawida wote waliokuwa mle ndani, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi nami ningesema nini? Nikimchoma Mwakio, kazi yake imeisha, na Wakesho ameingia midomoni mwa watu.

Wakuu, niliteseka. Meneja anapiga simu anauliza, Wakesho iko sawa leo? Mwakio anajibu Wakesho yuko sawa kabisa, na mimi nimesimama hapo na spana. Presha ikishuka, maandishi yanapepesa, basi natumwa mbio kwa pampu kwa sababu ati Wakesho anapepesa.

Nikashindwa. Nikaenda stoo kumuuliza kama anaona ni sawa jina lake kubandikwa pale kama bango la sinema. Nilitarajia akasirike pamoja nami. Alikuwa anahesabu nati, hata hakuinua kichwa.

"Yeye ameniandika mahali kila mtu anaona," akasema. "Wewe umeniandika wapi?"

Nikachukua glavu nikaondoka.

Haukupita muda, wazee wangu wakatoka Njukini wakapanda milima kwenda kwao Wakesho kumposa. Nikamwandika kanisani, mbele ya mashahidi, jina lake kando ya langu. Mwakio alikuja harusini, akala pilau akaongezwa. Nilimwangalia kila kijiko.

Mnadhani wivu uliishia hapo? Ngojeni.

Miaka ikapita, mtambo ukapitwa na wakati, vitu vikagawiwa wafanyakazi. Mimi nilitaka meza. Mama watoto akaniambia nilete ile skrini. Nikamwambia haiwaki, imekufa. Akasema niilete tu.

Waliofanya kazi na skrini za zamani wanajua. Ukiacha maandishi yaleyale miaka na miaka, yanachoma kioo. Hata ukizima, yanabaki.

Iko sebuleni kwangu hapa Taveta, chini ya kitambaa cha kufuma. Kitambaa kikitolewa asubuhi na jua liingie dirishani, jina linasomeka vizuri tu: WAKESHO. Mwakio alishatangulia, nami nilimlilia, alikuwa mtu mzuri. Lakini kwa hii skrini ananipiga mpaka leo.

Nilichojifunza: kama unampenda mtu, mwandike mapema, mahali anapopaona. Cheti chetu cha ndoa kiko kwa sanduku la bati chini ya kitanda, na sikumbuki mara ya mwisho kilitolewa.

Wenye busara njooni mnishauri, na wenye matusi pia nafasi ipo. Hii skrini niitupe ama niiache?

Kabla hujajibu, jua kwamba inapanguswa vumbi kila asubuhi. Na anayeipangusa si mimi.